Barua ya Hiba

Benki haikutosheka na hela zenyewe.
Ilitaka barua.

“Mimi, Wakesho Mwandawiro, natamka
kwamba shilingi laki tisa nilizompa mwana wa kaka yangu
ni hiba, si mkopo.
Sitazidai leo wala kesho,
wala sina changu ndani ya nyumba hiyo.”

Shangazi aliisoma kwa miwani ya kutungia sindano,
kidole kikitembea chini ya maneno
kama anayekagua mshono wa mwanafunzi wake.
Kwenye “sina changu” kidole kikasimama.
“Hapa wamebana,” akasema.
“Sare ya mtoto huachiwa upindo, maana atarefuka.
Hii wameikata juu kwa juu.”

Bi Jerotich wa mikopo akatabasamu:
“Ni utaratibu tu, mama.”

Utaratibu.
Laki tisa nazo zilikuwa na utaratibu wake:
miaka ishirini na sita juu ya duka la vifungo, Mtaa wa Biashara,
sketi za buluu, kaptura za kijivu,
kila Januari wazazi wakivutana naye bei
hadi taa za barabarani ziwake,
naye akishusha hamsini, akishusha mia,
akirudi kwake Kariobangi na uzi kwenye nywele.

Mashine ikadai kidole gumba.
Ikakikataa.
Akakipangusa kwa leso; ikakikataa tena.
Alama zake zilikwisha zamani,
zimebaki kwenye sketi za watoto wa watu.
Mwishowe ikakubali kidole cha pete, mkono wa kushoto,
ambacho hakijawahi kuvishwa kitu.

*

Kahawa Magharibi, ghorofa ya tatu, nambari kumi na nne.
Nilimngoja aje kama ajavyo siku zote,
afunue sufuria kabla ya salamu,
aulize ni nani kaupaka ukuta rangi ya usaha.

Machi. Aprili, masika yakanionyesha dirisha linalovuja.
Nikasema ana kazi nyingi.
Juni nikasema ni magoti, na ngazi hizi.
Simu nilipiga, ndiyo: hujambo, sijambo, mtandao ukakatika.
Na nisifiche, zilikuwepo jioni
nilizofunga mlango wangu kwa ufunguo wangu
nikashukuru kwamba hayupo wa kuuliza
kwa nini nimenunua televisheni kabla ya kitanda.

*

Agosti, Jumapili, saa kumi: hodi.

Hodi! Mtu asiyewahi kubisha mlango wa baba yangu,
aliyekuwa akiingia huku anavua viatu
na kuulalamikia mchuzi aliousikia harufu tangu langoni.
Hodi mara tatu, kwa kituo.
Nikafungua. Amesimama nje ya kizulia,
mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili.

“Nilikuwa nangoja kuitwa,” akasema.
“Karatasi ilisema sina changu humu.”

Benki ina nakala. Wakili ana nakala.
Mimi yangu imo kabatini, ndani ya plastiki.
Yake ilikuwa mkobani, imekunjwa mara nne,
kama kibali cha kupitia mpakani.

Nikasema karibu. Nikaisema tena, vibaya zaidi.
Akaketi ukingoni mwa kochi
kama anayesubiri nambari yake isomwe hospitalini.
Chai akainywa yote, hakuitaja sukari,
na huko kunyamaza kwake kuhusu sukari
ndiko kulikoniumiza.

Sikujua kuomba radhi kunaanzia wapi.
Nikasema: “Mapazia ya chumbani yanaburuta, Shangazi.”

Hakuinuka.
Akatazama mlango wa chumba, akatazama kikombe.
“Nani alikushonea?”
“Nilinunua yameshashonwa.”
“Yameshashonwa,” akarudia, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa,
na mkono ukaingia mkobani,
ukaipita barua, ukatoka na futi ya kitambaa
ya manjano, iliyofifia tarakimu.

“Shika huku.”
Nikashika. Akapima, midomo ikihesabu bila sauti.
“Tuachie upindo inchi nne.”
“Shangazi, dirisha halirefuki.”
“Wewe shika tu.”